Hatua Tano Magharibi

Nyemo Chidawali alikuwa amezoea kubonyeza dole gumba kabla chai haijapoa. Cheti cha Mawimbi hakikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho. Mahakama inauliza: siku fulani, saa fulani, mawimbi ya setelaiti yalikuwa mazima katika wilaya ya Ilolo Mpya? Injinia wa kituo anatazama kioo, anaona kijani juu mpaka chini, anabonyeza. Basi. Ambaye kikuku chake kimesema amevuka mstari, amevuka. Tangu magereza yafungwe na wafungwa warudishwe kutumikia vifungo majumbani mwao, kikuku mguuni na mstari usioonekana kuzunguka uwanja, hakuna aliyebishana na setelaiti akashinda, na wengi hawakujisumbua hata kujaribu.

Asubuhi hiyo chai ilipoa. Ilipoa mpaka ikafanya utando, na Nyemo bado alikuwa anatembea kutoka dirishani hadi mezani na kurudi, ukucha wa kidole kidogo ukiwa mdomoni.

Faili lilikuwa la Ndahani Sogoda, fundi baiskeli, aliyemvunja mwenzake taya kilabuni na hakulikana kosa hilo. Alipewa miaka miwili ya nyumbani. Sasa kikuku chake kilikuwa kimelia mara tatu, na sheria haina mzaha hapo: mara ya tatu ni kambi ya chumvi, miaka mitano, bila rufaa. Kesi ilikuwa Ijumaa. Mawimbi yalikuwa mazima siku zote tatu. Kilichomkosesha raha Nyemo kilikuwa nukta tatu nyekundu kwenye ramani, zimelaliana kama nukta moja. Mtu anayetoroka hasimami. Huyu alitoka hatua moja nje ya mstari, akasimama kama anayesubiri chenji dukani, akarudi ndani. Asubuhi nyingine tena. Na nyingine tena. Pahali palepale.

Akaisikiliza kwa mara nyingine sauti ya mshtakiwa iliyoambatanishwa na faili. "Mheshimiwa, hao wanaosema nimetoka waje wasimame na mimi. Nilikuwa kwangu."

"Wote husema hivyo," Nyemo aliiambia meza. Kisha akachukua kipokezi cha mkononi, akachukua futikamba, akavaa kofia.

Getini alimkuta baba yake mdogo, Chilongani, mlinzi wa kituo, anafagia majani ambayo upepo ungeyarudisha kabla ya adhuhuri. Nyuma yake ulisimama mlingoti wa kituo, na ubavuni mwa mlingoti kulikuwa na kaburi la Mzee Chidawali, baba yake Nyemo, aliyekiangalia kituo hicho miaka thelathini na akafia humohumo. Saruji ya kaburi ilikuwa imefagiliwa tayari. Chilongani alianza na kaburi kila siku.

"Jua hili unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kuna mtu anasema yuko kwake, na kikuku kinasema hayuko."

"Mawimbi mazima?"

"Mazima."

"Sasa?"

"Sasa nataka nikaone mwenyewe."

Chilongani aliegemea fagio. "Baba yako hakuwahi kwenda kumwangalia mtu. Bonyeza, unywe chai."

Lakini Nyemo alikuwa ameshatoka.

*

Uwanja wa Ndahani ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya majabali mawili, umezungushiwa minyaa iliyopita kimo cha mtu. Magurudumu ya baiskeli yalining'inia kila penye msumari. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tairi la trekta, ananyoosha spoku, kikuku cheusi kikimeta kwenye kifundo cha mguu. Hakuinuka.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kusimama na wewe. Mimi ndiye injinia wa kituo. Nionyeshe ulipokuwa umesimama."

Ndahani alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. Alipoona haupo, alinyoosha bisibisi kuelekea magharibi. Kwenye ua wa minyaa palikatwa tundu la ukubwa wa sinia, na ng'ambo ya tundu, karibu kabisa, lilionekana dirisha la nyumba ya pili, na dirishani kichwa cha mwanamke mzee kwenye mto.

"Mama yangu. Miguu imekufa. Kitanda tulikivuta dirishani ili nimfikie kwa mkono. Kila asubuhi nampa uji hapo. Sijawahi kutoa hata bega, dada injinia. Mkono tu."

"Na tangu kikuku kilie mara ya tatu?"

"Sisogei tena. Kuna mama mmoja wa kanisani hupita akipata nafasi." Alishusha sauti. "Jana hakupata."

Bakuli la uji lilikuwa juu ya kigoda, limefunikwa kwa sahani. Nyemo alilichukua. Akaenda tunduni, akasimama pale ambapo udongo ulikuwa umekanyagwa mpaka ukang'aa, akaweka kipokezi begani.

"Mbukwa, Bibi."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Chidawali, wa kituoni."

"Ah. Wa mlingoti." Bibi Sechelela alifungua kinywa, akameza kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho. Aliweka mkono juu ya mkono wa Nyemo uliokuwa umeshika bakuli, na mkono huo ulikuwa mwepesi na wa moto.

Begani kipokezi kililia, tii, tii. Nyemo aligeuza kioo. Mstari mwekundu wa uwanja ulipita mbele ya nukta yake, nayo nukta ikakaa ng'ambo, nje, hatua nzima, ikiwa imetulia kama mtu aliyefika kwake. Mgongo wa Nyemo ulikuwa unagusa baiskeli ya Ndahani.

"Kinalia nini?" Bibi aliuliza.

"Kinasema nimetoka nje."

"Uko nje?"

"Hapana, Bibi. Kunywa. Nataka nijue nani anadanganya."

Alianza na setelaiti, kama alivyofundishwa. Akazifungua kwenye kioo moja baada ya nyingine, mkono wa pili ukiendelea na kijiko, na kwa kuwa Bibi alikuwa anamkodolea macho, akajikuta anamweleza.

"Huko juu wako wengi, na wote wanasema kwa pamoja, kwenye masafa yaleyale. Mpaka sauti yao ifike huku imechoka, iko chini kuliko kelele za kawaida za anga."

"Sasa utamsikiaje mtu aliye chini ya kelele?"

"Kila mmoja ana wimbo wake. Sifuri na moja, sifuri na moja, unadhani ni za kumwagwa ovyo, lakini hazibadiliki. Kidude hiki kimezishika nyimbo zote kichwani. Kinauimba wimbo wa mmoja, kinausogeza nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka ulingane na ule unaotoka juu. Ukilingana, unachomoza kwenye kelele."

"Kama kliniki," Bibi alisema. "Wanalia chumba kizima, wa kwako unamsikia."

"Hivyohivyo. Na kiasi cha kuusogeza ndicho kinachonipa muda ambao wimbo umekaa njiani. Muda nikiujua, umbali nimeujua. Halafu juu ya wimbo umepanda ujumbe, unakuja polepole: saa yangu inasema hivi, mimi niko hapa, afya yangu iko hivi."

"Anasema na afya?"

"Akiumwa anasema."

"Afadhali yeye," alisema Bibi Sechelela, na akacheka mpaka uji ukamtoka pembeni mwa mdomo. Nyemo alimfuta.

Setelaiti kumi na moja zilikuwa juu ya upeo. Zote zilisema nzima. Watatu wanatosha kumwambia mtu alipo, na wa nne anahitajika kwa sababu saa iliyo ndani ya kipokezi ni ya bei rahisi na lazima isahihishwe. Nyemo alikuwa na kumi na moja, na hesabu ilifunga bila kubaki. Mwangwi wa majabali ungeirusharusha nukta huku na huku, na hii ilikuwa imetulia. Alimkabidhi Bibi bakuli lililokwisha, akavuta futikamba kutoka kwenye bikoni ya kona, jiwe la zamani la wapima ardhi lenye nambari iliyochongwa, mpaka penye udongo uliokanyagwa. Futikamba ilimweka ndani ya uwanja, na nafasi ikabaki.

Kilibaki kitu kimoja. Hewa ya juu kabisa, ile inayochemshwa na jua, huchelewesha nyimbo kidogo, na kwa ajili hiyo kila wilaya ina kituo. Mlingoti wa kituo hauhami. Mahali pake panajulikana mpaka upana wa kidole. Unasikiliza setelaiti zilezile, unaona zinavyoupotosha, kisha unavitangazia vipokezi vyote vya wilaya: leo jirekebisheni hivi na hivi. Kila kikuku, kila gari la wagonjwa, kila jembe linalojiendesha huutii.

Nyemo alizima marekebisho ya kituo.

Nukta ikaanza kutangatanga kama mlevi. Ikaenda, ikarudi, ikazunguka, lakini ilizunguka ndani ya uwanja, kuzizunguka nyayo zake. Akayawasha. Nukta ikaruka magharibi, ikatoka nje, ikatulia. Akazima, ikarudi nyumbani. Akawasha.

Setelaiti hazikuwa na kosa, na kipokezi hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa linatoka kwake, kituoni, kunakofagiliwa na baba yake mdogo.

"Umeona nini?" Ndahani aliuliza kutoka katikati ya uwanja. Alikuwa amesimama sasa, na hakuthubutu kusogea.

"Subiri Ijumaa."

"Ijumaa ndiyo wananichukua."

"Najua."

"Akienda huyo," Bibi alisema dirishani, bila kulalamika, kama mtu anayeuliza bei, "mimi dirisha nitafunguliwa na nani?"

*

Alifungua kila kitu kituoni. Alikagua waya kutoka juu mpaka chini, akakagua kipokezi kikubwa, akasoma nambari za mahali pa mlingoti zilizoingizwa na baba yake zamani na hazijaguswa tangu siku hiyo. Alipanda mlingoti akiwa na pima maji na kushuka nayo. Kila kitu kilikuwa sawa, na kila kilipokuwa sawa yeye alizidi kuhangaika. Kingekuwepo kituo cha pili wilayani angekilinganisha nacho, lakini kile kilichokuwepo kilipigwa radi zamani na wilaya haikukijenga tena.

Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono kichwani. Mbele yake suruali ya Chilongani ilikuwa inakauka.

Ilikuwa kamba ya mama yake. Katani, imekuwa nyeusi kwa miaka, imetoka kwenye ndoano ya ukuta wa jikoni mpaka kwenye mlingoti. Serikali isingefurahi kuona nguo kwenye mlingoti wa wilaya, lakini Mzee Chidawali aliiruhusu mradi isifungwe juu ya kiuno. Nyemo akiwa mtoto ndiye aliyekuwa anaanika. Kamba ilitosha shuka mbili, na ya tatu ilikuwa lazima ikunjwe, na kila alipoiburuza chini alichapwa.

Sasa ilikuwa na suruali, shuka mbili zilizotandazwa, na bado nafasi. Upande wa mlingoti, katani ilikuwa imeungwa kwa kipande cha kamba ya plastiki ya bluu.

Alisimama. Akakipima kipande cha bluu kwa miguu, polepole, kama anayeogopa kufika. Hatua tano, kuelekea mashariki.

"Baba mdogo!"

Chilongani alitokea nyuma ya jiko na sufuria mkononi.

"Kamba hii aliiunga nani?"

Mzee aliitazama kamba kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kamba. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa haifiki."

Chilongani aliweka sufuria chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akaeleza bila kuombwa tena, maana kumbe alikuwa na hamu ya kueleza siku nyingi. Kwamba kaka yake alipokuwa anakata roho aliomba alazwe karibu na mlingoti. Kwamba walichimba hapa wakagonga mwamba, wakachimba pale wakagonga mwamba, jua linapanda na watu wamejaa na marehemu hawezi kusubiri. Kwamba udongo laini ulikuwa sehemu moja tu, palepale chini ya mlingoti, udongo ambao marehemu mwenyewe aliuchimba ujanani akisimamisha kituo.

"Wewe ulikuwa bado uko njiani. Ulifika tumeshazika. Tukaung'oa, Nyemo, vijana wanane, kwa heshima zote. Waya hatukukata hata mmoja. Tukampa kaka nafasi yake, tukausimamisha pembeni kwa zege jipya. Na tuliupima kwa pima maji! Haukuinama hata unywele. Uangalie."

"Nimeuangalia. Haujainama."

"Sasa?"

"Ulitakiwa usihame."

"Nani alituambia usihame? Miaka yote kaka yangu alikuwa na neno moja: mlingoti usiiname, mlingoti usiiname. Upepo ukivuma anatoka na pima maji kwenye mvua. Tukahakikisha haukuinama."

Nyemo alitaka kumpigia kelele na akataka kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, alibaki ameshika kamba. Ilikuwa kweli. Baba yake alisema hivyo kila siku, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mlingoti ungeweza kuhama.

"Kompyuta haijui," alisema mwishowe. "Inadhani mlingoti uko pale pa zamani. Ikisikiliza setelaiti, zinaiambia uko hatua tano mashariki, nayo inasema, hapana, hao wanakosea, kila mtu ajirudishe hatua tano magharibi. Wilaya nzima, baba mdogo. Kila mwenye kikuku anaonekana magharibi ya alipo. Sheria inasamehe hatua tatu, nne hivi. Anayekaa mbali na ua wake hajui lolote. Anayesogelea ua wa magharibi anahesabiwa ametoka."

"Kila siku?"

"Kila sekunde. Kila sekunde inawatangazia watu kwamba mlingoti umesimama pale alipolala baba."

Chilongani alivua kofia. Alikaa nayo magotini, akiizungusha.

"Kugusa mlingoti ni miaka kumi," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi ni mzee, nitakwenda. Lakini mahali pale ni pa serikali, Nyemo. Wakijua watamfukua." Akairudisha kofia kichwani, akaivua tena. "Kaka yangu asifukuliwe kwa sababu yangu."

Upepo uliinua shuka, ukaziacha. Kisha mzee akainua uso, na macho yake yalikuwa na mwanga wa mtu aliyepata mlango.

"Sema jua."

"Nini?"

"Mwaka ule jua lilipochafuka, baba yako aliandika jua kwenye vyeti, kwamba limevuruga mawimbi, na watu wote walioliliwa na vikuku siku hizo wakaachiwa. Hakuna aliyekuja kukagua. Andika jua. Huyo fundi anabaki na mama yake. Mimi nabaki. Baba yako analala. Halafu wewe unaingiza nambari mpya za mlingoti humo ndani, wilaya inarudi mahali pake kimyakimya. Niambie nani ataumia."

Nyemo alianza kuanua shuka, akitafuta jina la kumtajia.

*

Alhamisi yote hakukaa. Aliingiza nambari mpya, na kwenye ramani ya kituo wilaya ilisogea, taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini. Nukta za magari, za majembe, za vikuku, zote zikahama hatua tano mashariki. Hakuna aliyepiga simu. Wala hakuna aliyejua.

Kisha akafungua Cheti cha Mawimbi, na penye sababu akachagua jua. Kioo kilikubali papo hapo. Kilikuwa kinasubiri dole gumba tu.

Alitoka nje. Akarudi. Akanywa maji, akasahau kwamba ameyanywa, akayanywa tena. Lilikuwa jambo jema, kila upande aliogeuza lilikuwa jema, na bado mkono haukwenda. Alikasirika na mkono.

Ilikuwa adhuhuri, amesimama kaburini akiokota majani ambayo hayakuwepo, alipomkumbuka yule mwanamke. Mbeho, au jina lililofanana na hilo. Alikuwa na jiko upande wa magharibi wa uwanja, na kikuku kilimlilia anapopika. Katika sauti yake iliyoambatanishwa alisema, nilikuwa nageuza ugali, Mheshimiwa. Nyemo alicheka siku hiyo, akabonyeza, akanywa chai ya moto. Alimkumbuka na kijana mmoja aliyekuwa na mbuzi. Na mzee aliyedai alikuwa chooni. Kila mmoja alisema nilikuwa kwangu, na kila mmoja alikuwa kwake, na sasa hivi, kwenye jua hilihili, walikuwa wanakwangua chumvi.

Jua lingeweza kuchafuka asubuhi tatu za Ndahani. Lisingeweza kuchafuka siku zote za watu wote kwa miaka mitatu tangu msiba. Akiandika jua, Ndahani angebaki na mama yake, na mlango ungefungwa nyuma ya wale wengine milele, na yeye ndiye angekuwa ameufunga, safari hii akijua.

"Baba," aliliambia kaburi, "kwa nini hukusema usihame?" Na akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akitamani kwa moyo wake wote kwamba injinia wa Ilolo Mpya awe mtu mwingine.

Jioni Chilongani alisonga ugali, akapika mlenda, na kipande kimoja cha nyama kilichokuwepo akakisukuma upande wa Nyemo. Nyemo akakirudisha. Kikarudishwa tena.

"Kesho nitaulizwa, baba mdogo."

"Najua."

"Wako wengine. Siyo yule fundi tu."

Mzee alimaliza tonge lake. Aliinuka, akanawa mikono, na alipopita nyuma ya Nyemo aliweka mkono kichwani pake, kama alivyokuwa akifanya Nyemo alipokuwa mdogo na ana homa. Kisha akaenda kulitafuta shati lake jeupe.

*

Mahakama ilikuwa ukumbi wa kata, feni moja, mabenchi. Ndahani alikuja na blanketi limekunjwa chini ya kwapa, maana aliambiwa kambini usiku kuna baridi. Hakimu, mwanamke mwenye mafua, alikuwa na kesi tisa na leso moja.

"Injinia. Tuende haraka. Mawimbi yalikuwa mazima siku hizo tatu?"

Nyemo alikuwa kizimbani. Cheti kilikuwa mbele yake, jua bado limechaguliwa, mahali pa dole gumba pakimeta. Kwenye benchi la nyuma alikaa Chilongani na shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni.

"Yalikuwa mazima, Mheshimiwa."

Ndahani alihamisha blanketi kutoka kwapa moja kwenda lingine. Hakimu alikuwa ameshainua kalamu.

"Setelaiti zote zilisema kweli," Nyemo aliendelea, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka kubwa. "Kikuku kilisikia sawasawa na kikahesabu sawasawa. Aliyedanganya ni kituo changu. Kimekuwa kikimwonyesha kila mtu wa wilaya hii hatua tano magharibi ya alipo."

Kalamu ilibaki hewani. "Kwa sababu gani?"

"Kituo kinasahihisha wengine kwa kuwa kinajua mlingoti wake ulipo. Mlingoti haupo tulipoandika, Mheshimiwa."

"Uko wapi?"

"Umesogezwa pembeni."

"Na pale mlipoandika pana nini?"

Alitafuta mahali pa kuweka mikono.

"Pale tulipoandika amelala baba yangu."

Feni ilizunguka. Hakimu alisahau kupenga. "Nani aliuhamisha?" aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, na Nyemo, aliyekuwa amejiandaa kwa kila swali usiku kucha, aligundua kwamba hili moja hawezi kulijibu. Alijaribu.

Benchi la nyuma lililia. Chilongani alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Kaka alitaka kulala hapo. Kwingine kote kulikuwa na mwamba." Akafikiri kidogo, kama kuna jambo alilosahau. "Tuliupima. Haukuinama."

Askari wawili walitazamana, kisha wakamwendea bila haraka. Hakimu alikuwa anaandika sasa, anaandika sana, akiuliza wangapi, na Nyemo akimjibu kwamba ni kila aliyeliliwa upande wa magharibi tangu msiba ule, na kwamba majina atayaleta yeye mwenyewe, maana vyeti vyao ni vya dole lake. Alimwomba pia kwamba kaburi liachwe. Nambari zimeshabadilishwa, alisema, mlingoti hauihitaji tena ile nafasi. Hakimu hakuahidi kitu. Aliandika na hilo.

Ndahani alikuwa bado amesimama, blanketi limemwangukia miguuni juu ya kikuku. Alikuwa anamtazama Nyemo vilevile alivyomtazama siku ile uwanjani, akisubiri mwisho wa utani.

"Kwa hiyo nilikuwa kwangu?"

"Ulikuwa kwako, kaka."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Akaokota blanketi, akamgeukia hakimu. "Basi Mheshimiwa, kama ni hivyo, naomba niende. Mama hajanywa uji."

Hakimu alimpungia leso. Ndahani alitoka karibu mbio. Nyuma yake, katikati ya askari wawili, akatoka baba mdogo, na mlangoni akasimama kidogo kumpisha mwanamke aliyekuwa anaingia na mtoto mgongoni. Nyemo alibaki kizimbani, mikono juu ya mbao, na hakuna aliyekumbuka kumwambia ashuke.